Gari Liko Wapi, na kwa Gharama Gani

Mzee mmoja mwenye daladala, aliyestaafu kazi ya ualimu na kuyaweka mafao yake yote katika gari moja la abiria, alinijia asubuhi moja akiwa na simu mkononi, na katika ramani iliyokuwamo, gari lake, ambalo saa ile ile konda alikuwa akiitia abiria kituo cha Posta, lilionekana katikati ya bahari, baina ya pwani ya Mrima na kisiwa cha Unguja. "Mwanangu," aliniambia, "nimelipa fedha nijue gari langu liko wapi, nami nimejua neno moja tu, kwamba hapo halipo." Sikuwa na jibu la haraka la kumpa. Nilimkaribisha akae, nikaifungua programu iliyokuwa ikipokea habari za gari lile, nikaisoma mstari kwa mstari, na kabla ya adhuhuri kosa likapatikana.

Kosa lenyewe lastahili kuelezwa, maana aghalabu ndilo la kwanza kumpata kila anayejaribu kuunda mfumo wa namna hii kwa mikono yake. Kipokezi cha setilaiti hakisemi digrii na sehemu zake za mia kama sisi tusemavyo shilingi na senti. Husema digrii na dakika, na dakika ni sehemu moja katika sehemu sitini za digrii. Posta ya Dar es Salaam iko kusini ya ikweta kwa digrii 6 na dakika 49, na mashariki kwa digrii 39 na dakika 17. Aliyeiandika programu alizichukua dakika 49 kuwa sehemu 49 katika mia, na dakika 17 kuwa sehemu 17 katika mia. Na kwa kuwa digrii moja ni kiasi cha kilomita 111, gari likasogezwa kaskazini kwa zaidi ya kilomita 35 na magharibi kwa zaidi ya 12, likaangukia majini. Kosa lililo ndugu ya hilo ni la kuisahau herufi S inayofuata tarakimu, ambayo ndiyo ishara ya kusini: programu isiyoijali herufi hiyo huichukua Dar es Salaam ikaiweka katika milima ya Uhabeshi. La tatu ni la siri zaidi kwa sababu halimshtui mtu, nalo ni la kuziweka alama za setilaiti juu ya ramani ya zamani ya Afrika ya Mashariki, iliyopimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, pasipo kuzibadili kwanza. Hapo gari haliendi baharini wala Uhabeshi, bali huhama kiasi cha mita 300 tu, kutoka barabara moja hadi nyingine, na mwenye gari akamtuhumu dereva wake kwa njia ambayo maskini yule hakuipita.

Nimeyatanguliza makosa haya, ambayo kuyasahihisha hakugharimu hata senti moja, kwa sababu watu wengi, wakiwamo wanunuzi wenye busara katika mambo mengine yote, hupima unafuu wa traka kwa bei ya kile kisanduku kidogo kinachofichwa chini ya dashibodi. Na katika miaka niliyoifanya kazi hii ya kuviunda visanduku hivyo, kuvifunga na kuvifufua, nimeyakini kwamba kisanduku ndicho kitu rahisi kupita vyote vilivyomo. Kipokezi na modemu, vikinunuliwa rejareja, havizidi dola chache. Unafuu wa kweli hukaa mahali pengine: katika kujua mapema ni kiasi gani cha kujua kinachomtosha mwenye gari, kisha kuunda chombo kisichotoa zaidi ya kiasi hicho.

Yafaa kwanza kuiondoa dhana iliyoenea, kwamba setilaiti huliona gari. Setilaiti haioni kitu. Manahodha wa bahari yetu waliopima kimo cha nyota kwa kibao na uzi wenye mafundo hawakuonwa na nyota. Wao ndio walioiona, na maarifa ya mahali walipo yalibaki ndani ya jahazi pamoja nao. Hali ya leo ni hiyo hiyo. Setilaiti za mfumo wa Marekani, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na mfumo wote ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995, huizunguka dunia kwa kimo cha kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja, ikiwa na saa za atomi tumboni mwake, haina kazi kwetu ila kutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati ulio. Kipokezi hupima kila tangazo limechelewa kwa kadiri gani, na madhali mawimbi ya redio hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, huugeuza ucheleweshaji ukawa umbali, na umbali ukawa mahali. Setilaiti tatu zingetosha kama kipokezi nacho kingekuwa na saa ya atomi. Lakini saa yake ni ya bei rahisi, na setilaiti ya nne ndiyo inayoilipia deni saa hiyo. Hadi mwanzo wa Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakizivuruga kwa makusudi alama walizowapa raia, hata mtu akaweza kukosea mahali pake kwa kadiri ya mita 100. Walipoacha, kosa likashuka likawa mita chache, na Warusi, Wachina na mataifa ya Ulaya nao wana mifumo yao ambayo chipu za siku hizi huisikiliza yote kwa pamoja.

Sehemu hii, ambayo ndiyo ngumu kupita zote, hailipiwi chochote. Gharama huanza pale kipokezi kilipokwisha kujua, kwa sababu kujua kwake ni kwake peke yake mpaka pawe na laini ya simu ya kuipeleka habari kwa mwenye gari, na laini hula bando.

Hapo ndipo hesabu inapotaka kufanywa kwa kalamu. Taarifa moja yenye wakati, mahali, mwendo na uelekeo, ikiandikwa kwa maneno, huchukua kiasi cha baiti 100. Kisanduku kinachotuma kila baada ya sekunde 10 hutuma taarifa 8,640 kwa siku, yaani baiti 864,000, na kwa mwezi karibu megabaiti 26, kabla ya kuhesabu bahasha, kwa kuwa kila taarifa inayosafiri peke yake hufungwa katika maandishi ya njia yasiyopungua baiti 40, na jibu la kupokewa hurudi nalo limefungwa vivyo hivyo. Sasa daladala hulala saa tano ya usiku na kuamka saa kumi ya alfajiri, na katika muda wote huo kisanduku kile kinaendelea kutoa habari ile ile, kwamba gari liko uani. Kisanduku kilichofikiriwa vema hunyamaza gari likisimama, kikatoa sauti mara moja kwa saa ili ijulikane kuwa ki hai. Gari likienda, hutuma linapokata kona, maana katika barabara iliyonyoka nukta mbili zatosha kuichora njia yote. Tena hukusanya taarifa kumi na kuzitia katika bahasha moja, na zikibanwa kwa tarakimu tupu badala ya maneno, kila moja haizidi sana baiti 30. Mambo haya matatu yakifanywa pamoja, mzigo hushuka hata chini ya sehemu moja ya kumi, na mwenye gari hapungukiwi na lolote alilolitaka. Mahali pasipo mnara wa simu, habari huandikwa katika kumbukumbu ya kisanduku na kutumwa mnara ukionekana tena.

Lakini alilitaka lipi? Anayeuliza gari liko wapi huwa anauliza moja katika maswali matatu: je, limeibwa; je, linaendeshwaje; na je, limefanya kazi kiasi gani leo. Haya hayana gharama sawa. Swali la wizi huulizwa mara chache mno, ila likiulizwa lataka jibu la papo hapo. Swali la mwendo ndilo linalokula bando kuliko yote. Yule mzee wangu, nilipomhoji kwa taratibu, ilidhihirika kwamba hakuwa na haja ya ramani. Haja yake ilikuwa kujua tripu ngapi, kwa sababu kila jioni dereva alimletea hesabu pungufu akisema foleni imemla, na mzee hakuwa na njia ya kumsadiki wala ya kumkadhibisha. Tulichora duara mbili, moja mwanzo wa njia na moja mwisho, programu ikahesabu mara ambazo gari limetoka katika hii na kuingia katika ile, na saa tatu ya usiku simu ya mzee hupokea ujumbe mmoja wenye idadi. Ugomvi wao umepungua, ingawa haukwisha, maana traka huhesabu tripu, haihesabu abiria.

Nije sasa katika jambo ambalo ningependa kila kijana anayeingia katika ufundi huu alijue kabla ya lingine lolote, nalo ni umeme. Nimezipasua traka nyingi zilizokufa, na chache mno zilikufa kwa maradhi ya chipu. Gari si mahali pa amani kwa chombo chororo: stata inapovuta, nguvu ya betri huanguka ghafula, waya wa betri ukilegea altaneta ikiwa kazini, nguvu hupanda hata makumi ya volti, na basi au lori hutumia volti 24 mahali ambapo gari dogo hutumia 12, jambo ambalo mfungaji mwenye haraka halitazami. Modemu nyingi za bei nafuu hutaka volti 4 tu, tena kwa kitambo kifupi cha kutuma huvuta hata ampea 2. Ukiilisha kwa waya mwembamba mrefu, volti huzama katika kitambo hicho, modemu huzimika na kuwaka upya, ikautafuta mnara, ikajaribu kutuma, ikazimika tena, siku nzima; na mwenye gari husema mtandao mbovu. Dawa yake ni kapasita yenye ukubwa wa kidole gumba iliyolehemiwa karibu kabisa na modemu, waya mnene mfupi, na fyuzi karibu na betri. Vyote hivyo havifikii bei ya sahani mbili za wali na nyama, na ndivyo vinavyoachwa pale mtu anapotaka kukifanya kisanduku kiwe rahisi.

Kwa bodaboda shida hii ni kubwa zaidi, tena ya namna nyingine. Betri ya pikipiki ndogo ina kiasi cha ampea-saa 5. Traka inayovuta miliampea 50 mchana na usiku hula ampea-saa 1.2 kwa siku, basi siku nne zatosha kuimaliza betri. Kijana akienda matanga kijijini kwa juma moja, hurudi akaikuta pikipiki haiwaki, akajua adui ni nani, akaing'oa traka kwa mikono yake. Nami siwezi kumlaumu. Kisanduku cha pikipiki sharti kilale usingizi mzito, kikivuta miliampea 2 au pungufu, kiamshwe na kihisi cha mtikiso pikipiki inapoguswa. Kwa usingizi huo betri ile ile yaweza kukaa zaidi ya miezi miwili. Tofauti baina ya vyombo hivi viwili haiko katika bei ya vitu vilivyomo, iko katika mistari michache ya programu na siku mbili za kupima kwa mita.

Gharama nyingine isiyoandikwa katika risiti ni ya laini. Kwetu Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mfungaji, ili asimcheleweshe mteja, hutia laini aliyoisajili kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa pili mfungaji amehama mji, bando limekwisha, laini imefungwa, na mwenye gari hana uwezo wa kuifufua kwa sababu kisheria si yake. Laini na iwe ya mwenye gari tangu siku ya kwanza, hata kama kufunga kutaahirishwa hadi kesho yake.

Kuhusu programu ya kuzipokea habari na kuzionyesha, hapana haja ya mtu mwenye gari moja kulipa kodi ya kila mwezi kwa kampuni iliyo ng'ambo. Ipo programu huria iitwayo Traccar, inayoelewa lugha za aina nyingi mno za visanduku, ambayo mtu yeyote aweza kuiweka katika seva ndogo. Na ipo ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo katika Dar es Salaam ilinufaika kwa kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi na wakaazi walipoipima mitaa iliyokuwa ikifurika, mfereji kwa mfereji na uchochoro kwa uchochoro. Walioifanya kazi ile walikuwa wakiyafikiria mafuriko, wala si bajaji. Lakini bajaji ya leo hupita katika uchochoro ulioandikwa nao. Seva moja ndogo huwatosha wenye magari mia bila kuchoka, kwa hiyo kikundi cha wenye daladala wa njia moja, au kijiwe cha bodaboda chenye katibu mwaminifu, chaweza kuimiliki kwa mchango mdogo wa kila mwezi.

Wako wanaodhani kwamba pasipo kisanduku hapana ufuatiliaji. Nairobi imetupa ushahidi kinyume cha hayo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani katika mradi wa Digital Matatus, kiliwapandisha wanafunzi katika matatu wakiwa na simu zao tu, simu zikaandika njia na vituo, na mwaka 2014 mji ukapata ramani ya usafiri wake ambao kabla ya hapo ulikuwa ukijulikana kwa mazoea peke yake. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ni traka kamili: ina kipokezi, modemu, betri na kumbukumbu. Taksiri yake ni joto la dashibodi, haja ya kuchajiwa, na jicho la mwizi. Mtu anayetaka kujua kwanza kama jambo hili litamfaa, mimi humwambia atumie simu ya namna hiyo kwa mwezi mmoja kabla ya kununua chochote.

Serikali zina haja zao, nazo ni halali. Mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania hufuatiliwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na mfumo humtambua dereva kwa kitufe chake na kumwonya mwendo ukizidi. Shehena za Mombasa ziendazo Uganda na Rwanda zimefungwa lakiri za elektroniki chini ya mfumo wa pamoja wa mamlaka za mapato tangu mwaka 2017. Hapo taarifa za kila kitambo ni za lazima, maana roho za watu na ushuru wa mataifa vimo ndani yake. Ila mtu akichukua kipimo hicho akamvalisha mwenye bajaji moja, amemvisha kanzu ya mtu mwingine.

Anayenunua kwa bei ya chini ajihadhari pia na wakati. Kampuni ya AT&T iliuzima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa mwaka 2017, na visanduku vilivyotegemea mtandao huo vikafa siku moja huko Marekani; kwetu 2G ingali hai, ila anayeunda kwa ajili ya miaka kumi ijayo ni heri aongeze dola chache apate modemu ya 4G. Na tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya majuma ya setilaiti, ambayo kila baada ya majuma 1,024 huanza upya, ilirudi katika sifuri, na vipokezi vya zamani ambavyo programu yake haikuliandaa jambo hilo vikadai kwamba tumerudi nyuma karibu miaka ishirini.

Liko jambo moja ambalo silifanyi, hata nilipwe kiasi gani. Watoao pikipiki na bajaji kwa mkataba hupenda kutia rilei inayozima injini kutoka mbali, ili asiyeleta fedha ya siku azimiwe chombo. Rilei inayokata stata, isiwake tena baada ya kuzimwa, naikubali. Rilei inayoweza kuikata injini ikiwa kazini siitii, kwa sababu anayebonyeza yuko ofisini na ramani, na ramani haimwonyeshi lori lililo nyuma ya bajaji wala mama aliyeketi ndani yake na mtoto mgongoni. Na mahali alipopita mtu ni amana vilevile: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022, na dereva ana haki ya kuambiwa kwamba chombo anachokiendesha kinafuatiliwa, kwa nini, na nani anasoma.

Nilipomweleza hayo dereva mmoja wa fuso, anayeleta vitunguu Dar es Salaam kutoka Ruaha Mbuyuni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Fundi, na mke wangu naye aweza kuona?" Mkewe hana simu ya ramani, ana kitochi, wala hakutaka ramani. Tukazichora duara tatu, moja Mikumi, moja Morogoro, moja Chalinze, na kila fuso inapoingia katika duara, ujumbe mfupi wa neno moja, jina la mahali, huenda katika simu yake. Ni jumbe tatu kwa usiku mmoja. Dereva aliniambia kwamba ule wa Morogoro humkuta mkewe macho, na ule wa Chalinze humkuta amekwisha kulala.